Motokari Inayomkataa Théodore

Mara ya saba motokari ikawaka, ikanguruma kana kwamba sasa imekubali, halafu ikazimika. Théodore akapiga usukani kwa kiganja, akatukana kwa Kifaransa, akageuka kumtazama Émérence aliyekuwa amekaa kibarazani anachagua maharagwe. Émérence hakuinua uso. Alikuwa amezihesabu zote saba, na kila moja ilimpendeza kuliko ile iliyotangulia.

Maana huyu Théodore, kaka wa marehemu mume wake, hakuja kusalimia watu. Alikuja Jumamosi asubuhi na mama yake, na kamba ya kuvutia motokari, na maneno aliyoyapanga njiani: Michel amekufa, kilio kimekwisha, mali ya Michel ni ya ukoo wake. Televisheni walikwisha kuichukua. Friji waliibeba siku ile ile ya mazishi, chakula cha watu wa kilio kikiwa bado ndani. Hebu wafikirie watu hao. Sasa ilibaki motokari, ya kijivu, mlango mmoja una rangi nyingine, na ndiyo iliyokuwa inamlisha Émérence na watoto wake wawili. Kila alfajiri, na tena mchana, alipakia mikate kwenye boulangerie, pale inapookwa, akaisambaza kwenye vibanda vya mtaa wa Shituru. Boulangerie ilimpa kazi ile kwa sababu ana motokari. Siku asipokuwa nayo, kazi inakwenda kwa mwingine.

Sheria inamlinda mjane, watu wa parokia walimwambia. Sawa. Lakini sheria iko ofisini, na Théodore yuko uani.

Kwa hiyo funguo alimpa mwenyewe, bila ubishi, na hilo lilimshangaza Théodore aliyekuja amejiandaa kwa vita. Hakujua kitu. Mwaka juzi, motokari ya jirani ilipoibwa, Michel alifunga swichi ndogo ya siri chini ya kiti cha dereva, akaupitisha humo waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya esansi, yaani petroli. Swichi ikizimwa, mashine inawaka kwa esansi kidogo iliyobaki kwenye mipira ya kuipitishia, inaishi sekunde mbili, inakufa. Walioijua, kwa alivyoamini Émérence, walikuwa wawili, Michel na mkewe, na mmoja yuko kaburini. Jana, aliposikia kwamba wanakuja, Émérence alipitisha mkono chini ya kiti akaizima. Aliona amemaliza kazi. Hakufikiria kwamba motokari ikikataa, watu hawa watatafuta nani ameikataza.

Théodore kwanza alisema ni esansi mbaya, ile inayouzwa kwa bidoni barabarani, akaenda kununua nyingine akaimimina. Motokari ikawaka, ikazimika. Akasema ni batri, akaazima batri ya jirani. Batri iliyowasha mashine mara saba ina kosa gani? Lakini nani atamwambia Théodore, mtu aliyefanya kazi miaka miwili kwenye bohari ya vipuri na tangu hapo anajiita ingénieur, mhandisi kamili. Alipochoka kujiaibisha, akamwita fundi.

Fundi aliitwa Rolly. Alifika kwa baiskeli, mfuko wa vyombo mgongoni, na kabla hajashuka Théodore alikuwa amekwisha kumkaripia kwa kuchelewa.

"Boy, fanya haraka, minye siko na siku nzima."

Rolly, mtu wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto watano, aliegesha baiskeli yake ukutani.

"Washa," akasema.

Ikawaka, ikazimika.

"Rudia." Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Ikawaka, ikazimika. "Haiko buji ya kutoa cheche, na haiko batri. Hizo zikikosa, haiwake hata kidogo. Hii inapata kintu, halafu haipate tena."

"Inapata nini?" akauliza Théodore.

"Hiyo njo natafuta."

Akafungua chujio la hewa, akalipuliza, akalirudisha. Akapapasa mipira mmoja mmoja kutafuta ufa. Kutoka kibarazani Émérence alimfuata kwa pembe ya jicho, na maharagwe mabovu alikuwa anayaacha yapite pamoja na mazima. Huyu hakuwa Théodore. Huyu alikuwa anajua kazi. Alipokwenda nyuma, akainua kiti cha abiria, akalaza sikio juu ya pampu, Émérence aliacha kuchagua kabisa.

"Fungua kontakti, usiwashe."

Théodore akazungusha ufunguo nusu. Uani kukawa kimya.

"Pampu hailie," akasema Rolly. "Ingelia kidogo, zzz, ukisikia vizuri. Hailie hata."

"Imekufa?"

"Sijui. Hata nzima hailie kama moto haufike kwake." Moto, alimaanisha umeme.

Hapo ndipo Mama Julie aliposema. Mama mkwe huyu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, pochi mapajani, hajanywa hata maji ya nyumba ile. Sauti hakuipandisha. Mtu anayetaka majirani wasikie vizuri hapigi kelele, anasema polepole.

"Mwana wangu aliugua tumbo siku tatu. Muntu muzima, nguvu zote, siku tatu tu. Nikauliza, banganga ba hospitali bakanyamaza. Leo motokari yake iko na esansi, iko na batri, na fundi haone ugonjwa. Inawaka, inaona ni sisi, inazimika. Mashine haijue watu. Basi iko muntu anayeizuia."

Hakumtazama Émérence. Hakuhitaji. Juu ya ukuta wa tofali vichwa vitatu vya majirani viligeuka kwa pamoja kuelekea kibarazani.

"Mulozi," akasema Théodore, na akalisema kama anayetema mate. "Nilimwambia Michel tangu mbele ya ndoa."

Neno hilo katika mtaa ule halina mchezo. Mwanamke akishabandikwa uchawi, mtungi wake kwenye bomba la maji unasukumwa nyuma, na kanisani benchi lake linabaki na nafasi pande zote mbili. Wako waliofukuzwa, wako waliopigwa mawe. Émérence alihisi hasira inampanda hadi masikioni. Alimuuguza Michel siku zile tatu bila kulala, alimfulia matapishi, huku huyu mama akituma ujumbe kwamba miguu inamuuma, hawezi kuja. Akafungua mdomo amjibu. Na akaona ameshikwa. Akitaka kujisafisha, inabidi aonyeshe swichi, na akionyesha swichi, Théodore anaondoka na motokari. Akafunga mdomo.

Rolly wakati huo alikuwa ndani, tumbo chini, anaufuata waya kwa vidole chini ya zulia, kutoka pampu kuja mbele. Miguu yake ilionekana mlangoni ikisogea kidogo kidogo. Halafu ikaacha kusogea.

Kisha akatoka, akajifuta mikono, akaja kibarazani.

"Mama Carmel, nisaidie maji."

Carmel lilikuwa jina la binti mkubwa wa Émérence, mwenye miaka tisa, aliyesimama mlangoni amemkumbatia mdogo wake. Émérence akapita kando ya watoto, akaleta kikombe. Rolly akanywa huku amewapa mgongo wengine.

"Ile kintu chini ya kiti," akasema kwa sauti ya chini, "Michel alinunua kwangu. Nilifikiri aliitoa."

Émérence akatazama uani kama kuna aliyesikia.

"Sikiya. Weye ubaonyeshe, jina hii ya bulozi inaanguka hapa hapa, na beau-frère yako Théodore anaenda na motokari. Ao minye ninyamaze. Lakini nikinyamaza, jina inabakia kwako. Haitatoka hata ukihama."

"Nyamaza."

"Uko na batoto."

"Njo maana nakwambia unyamaze."

Rolly akamrudishia kikombe. "Usifikiri nakusaidia weye," akasema. "Yule ananiita boy mbele ya watu."

Akarudi uani, akaanza kukusanya spana zake moja moja. Théodore akamuuliza anafanya nini.

"Nimefika mwisho wangu. Mashine nzima. Sione kintu."

"Fundi gani haone kintu?"

"Fundi boy," akasema Rolly, akafunga mfuko.

Théodore akamwambia mama yake basi waivute kwa kamba, wataifungulia huko huko nyumbani. Lakini Mama Julie alikuwa amesimama. Alikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa limempendeza kuliko motokari.

"Ngoja. Yeye mwenyewe aingie, awashe. Ikizimika na kwake, ni chuma tu, tunaivuta. Ikikubali kwake, wote hapa tutakuwa mashahidi."

Ukutani vichwa vilikuwa sasa vimefika saba au nane. Rolly alikuwa ameshika baiskeli, hakwenda.

Émérence akaweka sinia la maharagwe chini. Angeweza kuiacha izimike. Angebaki mwanamke safi, asiye na motokari, anayesubiri huruma ya watu walioibeba friji na chakula cha kilio ndani yake. Boulangerie haiulizi jina la mtu, inauliza kama mikate imefika. Akashuka ngazi mbili za kibaraza, akapita mbele ya Mama Julie bila kuomba njia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Mkono wa kushoto ukashuka kama wa mtu anayevuta kiti mbele. Kidole kikaipata swichi. Wa kulia ukazungusha ufunguo.

Ikawaka. Sekunde mbili zikapita. Ya tatu. Ya kumi. Émérence akakanyaga gesi, mashine ikanguruma uani kote, na haikuzimika.

Théodore alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kamba imemwanguka miguuni, na ule uingénieur wake wote haukumkumbusha hata kutazama chini ya kiti. Mama Julie alitoa rozari kwenye pochi. Akaanza kuisali palepale, haraka, akiruka shanga, na hilo Émérence hakulitegemea. Kumbe mama huyu alikuwa hasemi kwa fitina tu. Alikuwa anaamini.

"Panda, Mama," Émérence akamwambia kupitia dirishani. "Nikufikishe nyumbani. Miguu inakuuma."

Mama Julie akafanya ishara ya msalaba. Théodore akamshika mkono, wakatoka getini haraka, bila kamba, bila kuaga. Théodore, bila kugeuka, akawa anasema kwamba hiyo motokari iteketee na mwenyewe, yeye hakanyagi humo tena, wala mtu yeyote wa ukoo wake. Rolly akapanda baiskeli akawafuata. Ukutani akina mama waliwashusha watoto wao, kichwa kimoja baada ya kingine, na ukuta ukabaki mtupu.

Ameshinda. Alilisema moyoni mara mbili ili alisikie. Motokari ni yake, na hakuna atakayeigusa tena hata akiiacha barabarani milango wazi. Saa za mikate ya mchana zilikuwa zinakaribia. Akamwita Carmel, kama kila Jumamosi, aje wapande wote, yeye na mdogo wake, wakapakie.

Carmel hakuja. Alimtazama mama yake, akatazama motokari iliyokuwa inaunguruma, akamvuta mdogo wake nyuma ya sketi yake.

"Njoo, mwanangu. Ni mimi."

Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamteremka bila sauti.

Neno moja lingetosha. Njoo uone chini ya kiti, weka kidole hapa, ni baba yako alifunga. Émérence alikuwa nalo mdomoni. Lakini Carmel kila Jumapili baada ya misa anakwenda kula kwa nkambo, bibi yake Mama Julie, na huko husimulia kila kitu, na Jumapili ni kesho.

"Basi baki na mdogo wako," akasema. "Fungeni mlango."

Akasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili kwa ndani.