Ufunguo wa Macharia

Mlango ule niliuchora kwa raha zangu. Jengo zima lilikuwa kazi ya kujitolea: Wajapani wawili walipiga hesabu za upepo, Injinia Were akashika zege, na mimi Wahu, mchoraji wa ramani za ploti, nyumba za kupangisha, kwa miaka tisa, nikapewa mlango na madirisha. Kijiji kimoja cha pwani ya Madagaska kingekimbilia humo kimbunga kikija. Ramani zilikuwa zinatumwa Jumatatu. Sina digrii, na nilitaka mno mlango wangu uende.

"Hii mlango iko sawa kabisa," Were aliniambia ofisini kwetu, nyuma ya barabara ya Tom Mboya. "Chuma, kufuli mbili, ufunguo kwa chairman wa kijiji. Mwizi atajua hajui."

Hanta, mhandisi wa Madagaska aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi Mombasa, aliweka kidole kwenye mchoro. "Kufuli za nini?"

"Wasiibe viti," nikamjibu kwa hasira. Mtu anakuja Nairobi kuuliza kufuli ni za nini!

Jumamosi nikamwalika kwangu Mutuini, chai na chapati, yaishe. Tuliposhuka stejini mvua ilikuwa inamwagika. Tukakimbia hadi geti la ploti. Limefungwa! Wapangaji kumi na mmoja walikuwa wamejibanza ukutani, Njambi wa chumba cha tatu akiwa amekumbatia unga wake ndani ya sweta.

"Macharia ako wapi?" nikauliza. Huyo ndiye keateka wetu, mtunza ploti.

"Ameenda mazishi Uthiru," Njambi akasema.

"Na ufunguo?"

"Ameenda nayo. Si ni yake?"

Hanta alilipapasa geti. "Chuma kizuri. Nani alilichora?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi."

Alicheka hadi akaegemea ukuta, wapangaji wakacheka, nami nikashindwa kujizuia. Macharia alifika baada ya saa mbili, mkavu, na mwavuli.

Jumapili nikitoka kanisani nilifuta kufuli zote. Nikachora komeo moja la kufunguliwa kwa mkono mmoja, nje na ndani.

"Na viti?" Were akalalamika Jumatatu.

"Viibwe!"

Mwaka uliofuata Hanta aliniandikia barua pepe. Kimbunga kilipiga alfajiri, chairman akiwa safarini. Wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja, mjukuu mgongoni, kuku kwapani. Akafungua kwa mkono uliobaki. Watu mia mbili na sita waliingia, na wote wakatoka salama. Viti vitatu vimeibwa.

Nililia pale saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, bila aibu. Kisha nikaichapisha ile barua nikampelekea Macharia. Aliisoma mara mbili, akakuna kichwa, akatoa mfukoni ufunguo mwingine wa geti.

"Chukua, mama. Lakini usiambie hao wengine."

Nilimshukuru vizuri. Halafu nikaenda moja kwa moja Dagoretti, kwa fundi wa funguo, nikamwambia anichongee kumi na moja.