Kidole Kimoja cha Mshono

"Hakuna kitu hapa," Fundi Povu alisema, akaitupa brashi ndani ya ndoo ya sabuni. "Nimelijaza boya upepo, nimelipaka povu kuanzia pua hadi mkia, halitoi hata kiputo kimoja. Mara ya tatu hii."

Nahodha alikuwa amechuchumaa kando ya boti yake, iliyopandishwa juu ya magogo uwani kwa fundi. Ilikuwa jukwaa la mbao na viti, na chini yake maboya mawili marefu ya alumini, yaliyozibwa pande zote, ambayo ndiyo yaliyoibeba juu ya bwawa miaka hamsini. Boya la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikutwa kila asubuhi na ndoo mbili za maji tumboni, na boti imeegemea upande. Abiria walishaanza kutazamana kabla ya kupanda.

"Fundi, sina ugomvi na wewe," Nahodha akasema. "Ila gari la chuma chakavu linakuja kuichukua kesho saa sita. Siwezi kuvusha watoto wa watu kwa kubahatisha."

"Boya halina tatizo," ikasema sauti kutoka kivulini. "Abiria wako wamenenepa."

Huyo alikuwa baba yake fundi. Ndiye aliyeichomelea boti hii ujanani, kabla moto wa kuchomelea haujamla macho, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye dakika kumi bila kuambiwa kwamba mshono wake hauvuji. Boti ilimalizika siku aliyozaliwa Fundi Povu, na marehemu mama yake hakuchoka kumkumbusha. "Mimi nalia kwa uchungu, baba yako anaibembeleza boti. Alifika umeshaogeshwa." Mama aliyasema hayo huku akicheka, lakini mtoto haambiwi jambo kama hilo mara mia likapita hivihivi. Lilimkaa. Alikua akijua kwamba kwa baba yake yeye ni wa pili.

Na sasa huyo wa kwanza alikuwa anapelekwa kuyeyushwa, na ajabu ni kwamba yeye hakufurahi hata chembe. Boti ikikatwa, mzee atabaki na nini cha kujivunia? Siku tatu hizi wazo hilo lilimkosesha usingizi.

Aliokota chupa yake ya maji, nusu imenywewa, imepata moto kwa jua. Akapiga funda moja, akaifunga, akaitumbukiza kwenye pipa la maji ya kisima ipoe. Kabla hajageuka akasikia kwach! Chupa ilikuwa imebonyea mbavu, na hakuna aliyeigusa.

Akasimama akiitazama.

"Nahodha, jioni boti unaiweka wapi?"

"Naiacha majini. Inashinda juani, inalala majini."

"Na jioni haiegemei?"

"Jioni iko sawa sawia, maji nimeshayamwaga mchana juani na kuziba. Shida ni asubuhi."

"Boya linapumua," Fundi Povu akasema polepole. "Mchana linavimba kwa joto. Usiku linapoa, linavuta pumzi. Mimi nimeshinda nikilipuliza, kumbe tobo lake ni la kuvuta."

Mzee akageuza uso upande wake, akanyamaza. Kunyamaza haikuwa desturi yake.

Alumini ilikuwa imechomwa na jua tangu asubuhi. Fundi Povu akaliziba boya, akalala chali chini yake, akaupaka povu zito mshono wa chini. "Mwaga," akasema. Nahodha akalimwagia boya maji baridi mgongoni. Ndoo ya kwanza, ya pili. Chuma kikalia, tik, tik. Ndoo ya tano, povu bado limetulia. Ya sita. Hapo, shubiri moja kutoka mkiani, povu likaingia kishimo, likazama, likatoweka. Akaongeza tone. Nalo likamezwa. Miaka yote hiyo ya kazi, hakuwahi kuona chuma kikinywa.

"Limemeza," akanong'ona.

Akakwangua kwa ukucha. Kulikuwa na mabaki ya lami, yaliyochunwa na kokoto tangu maji ya bwawa yalipopungua na Nahodha akaanza kuiburura boti ufukoni. Chini ya lami mshono wa baba yake ulikuja umepangika, pindo juu ya pindo, mzuri kupita kiasi, kisha ukaisha. Haukupasuka. Haukuwahi kuchomelewa. Upana wa kidole ulikuwa wazi, na nyuma yake ukanda wa bati wa ndani, ambao ukipulizwa unajibana kama mlango, ukivutwa unafunguka.

"Ni wapi?" mzee akauliza.

Angeweza kumdanganya. "Chini, karibu na mkia."

"Penye lami."

Hakuna aliyekuwa ametaja lami.

"Hapo ndipo waliponiita," mzee akasema. "Kilibaki kidole kimoja, mwanangu. Kazi ya dakika mbili. Wakaniambia mkeo ameshikwa na uchungu, nikazima moto. Nikaziba kwa lami nikijua kesho nitarudi. Nikakimbia na viatu vya kazi njia nzima, nikakuta umeshaogeshwa. Kesho yake ukapata homa. Siku ya tatu nakuja, baba yake Nahodha ameshaiteremsha majini, watu ishirini juu, na haivuji. Ningesema nini?"

"Na mama? Maisha yake yote alisema ulichagua boti."

"Nilimwacha aseme. Bora niitwe mume mbaya kuliko fundi mbovu."

Nahodha akaangalia pembeni, akatoa simu, akaenda hadi langoni kumwambia mtu wa gari asije.

Fundi Povu hakuinuka. Alikiweka kidole chake kwenye ule uwazi, kikaenea, na akalia palepale chali, bila kujificha. Kumbe watu wote wale walivuka miaka hamsini juu ya mahali ambapo baba yake aliacha kila kitu akamkimbilia yeye.

Baadaye akaisafisha lami, akasugua chuma mpaka kikang'aa, akavaa kinyago. Mzee aliomba asogezewe kiti. Alikaa ameuelekeza uso kwenye mlio wa moto, akihesabu kwa midomo. Dakika mbili, kama alivyosema.

Wakaliacha boya lipate joto tena. Alasiri akapaka povu jipya, na Nahodha akaanza kumwaga ndoo.

"Ingia ndani upumzike, baba. Hili litachukua muda."

"Nitasubiri. Safari hii sina pa kukimbilia."

Ndoo ya sita. Ya nane. Ya kumi.

"Linameza?"

"Halimezi, baba."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Povu lilikuwa limekaa pale lilipopakwa, jeupe, likikauka lenyewe taratibu.