Mishtuko ya Watu Wengine

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, mke wa fundi bati alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akavalishwa spika za masikioni. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili, na wakubwa wa hospitali walitaka kuona kwa nini watu wa namna yake hushtuka kupita kiasi. Kwanza kilipigwa kisauti kidogo, kama kidole kinachogonga meza. Halafu kishindo. Daktari mkuu alimweleza fundi kwamba ubongo wa mtu mzima wa afya hukipokea kile kisauti kama hodi, ukajiandaa. Ubongo wa mkewe hausikii hodi.

"Hilo hata mimi nalijua," fundi akasema. "Ndiyo maana nyundo zangu nimezihamishia ng'ambo ya soko."

Mama alishtuka kila kishindo, wakamshukuru, akarudi nyumbani.

Kesho yake alikuwa anakunja nguo, akaruka. Nyumba ilikuwa kimya, na majirani kimya. Akaruka tena.

"Wameanza na mtu mwingine," akamwambia mumewe, akiokota shati. "Mwanamume. Anaogopa sindano."

Tangu siku hiyo akawa anashtuka kwa niaba ya kila aliyelazwa ndani ya mashine ile. Mdogo wake alihamia pale kumuuguza. Alimpa chai nusu kikombe, maana kikombe kizima kiliishia kifuani.

"Dada, huyu wa leo ana mateke," alisema. "Ungemwambia avue viatu."

"Mwambie wewe, mimi nimechoka."

Jumamosi na Jumapili hospitali haikupiga picha, naye akalala. Majirani walishazoea, wakawa wanakuja kumsalimia siku hizo tu.

Alipokonda mpaka pete ikamvuka kidoleni, fundi alikwenda hospitalini. Daktari mkuu hakubisha. Alimwonyesha kioo cha kompyuta. Ndani ya mashine kulikuwa na kijana anayepigiwa vishindo, naye ametulia kama maji mtungini.

"Hakuna anayeshtuka tena, mzee. Wagonjwa, wazima, wote. Kichwa hakitikisiki, picha inatoka safi. Hatujawahi kupata picha kama hizi."

"Kwa sababu anashtuka mke wangu."

"Ndivyo tunavyoona."

"Basi simamisheni."

"Tukisimamisha, watashtuka wenyewe. Picha zitaharibika."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, daktari."

"Ni kweli, mzee. Vumilieni, wamebaki wachache."

Wachache wa wakubwa hawaishi. Picha zilisifiwa mpaka kwa wakubwa wa wakubwa, hospitali ikaletewa mashine ya pili, zikawa zinapokezana, wikiendi nazo zikaliwa. Mama hakushika tena kijiko. Mumewe alimshika viganja, na kila kishindo kilipita kwake mpaka mabegani, lakini hakikupungua kwa mkewe hata chembe.

Moyo wa mama uligoma Alhamisi adhuhuri. Hospitali ilituma shada la maua na kijana wa kuisoma kadi.

Kaburini, wafukiaji walipofika nusu, udongo uliinuka kidogo, ukakaa. Wakangoja. Uliinuka tena.

"Yuko kazini," mdogo wake akasema.

Mfukiaji mmoja aliegemea koleo lake. "Hapa udongo mtupu hautoshi, baba. Tafuta saruji."

Saruji ilipasuka wiki hiyohiyo. Fundi akaiziba kwa bati nene na misumari mirefu, akigonga taratibu. Bati nalo linacheza mchana kutwa, na wanaopita huzungumza kwa sauti kubwa kidogo ili wasikilizane.

Fundi alirudi hospitalini, safari hii na swali moja tu. Daktari mkuu alikuwa mkutanoni. Mpiga picha alimtuma kwa katibu, katibu akamtuma kwa mlinzi, mlinzi akasema yeye ni wa geti tu. Kwa hiyo fundi amelibeba swali lake, anamuuliza kila atokaye mle ametulia: mtu akishtuka akiwa ameshakufa, huwa anaogopa pia?