Jiwe la Mlangoni

Palikuwa na mwamba katikati ya bahari, umejikunja kama pete, na mwamba huo ulikuwa na mlango mmoja tu. Ndani maji yalikuwa matulivu, majani yalikuwa tele, na samaki waliishi bila kuulizana sana. Nje ilikuwa bahari kuu. Aliyekwenda malishoni alipita mlangoni, aliyerudi alipita mlangoni, na kila mwaka, msimu wa kutaga ulipofika, Malkia Kasa alipita mlango huohuo kwenda kwenye kisiwa cha mchanga kilichokuwa ng'ambo. Huko alitaga mayai yake mahali alipozaliwa yeye, na mama yake, na bibi yake. Nchi hiyo iliitwa Mwambani. Nimeanza na mlango kwa sababu wakubwa wa Mwambani waliusahau, nami sitaki msomaji wangu afanye kosa lao.

Mwambani walikuwa na sheria mbili, na zote zilikuwa nzuri. Ya kwanza ilihusu mawe. Mtu akiweka jiwe lake majini, na bamvua saba zikapita bila wenye maji kumkanusha, jiwe lilikuwa lake, pamoja na maji yote yanayolizunguka hadi sauti inapofika. Bamvua, kwa asiyeijua bahari, ni maji makubwa yanayojaa mara mbili kila mwezi, kwa hiyo mwenyeji alipewa muda wa kutosha kuamka. Kukanusha kulikuwa kazi ya Shakwe, ndege mzee wa bahari aliyeirithi kwa mama yake. Aliruka, akatua juu ya jiwe, akapaza sauti mara tatu: "Maji haya yana wenyewe." Basi, ikawa imekwisha. Mwenye jiwe alilichukua akaenda zake, na hakuna aliyetoka damu.

Sheria ya pili ilikuwa ya adabu. Chakula alicholeta mgeni kikiwa kinywani mwa mwenyeji, mwenyeji hampazii mgeni sauti. Waliotunga sheria hizi walikuwa na akili, lakini hawakuwaza kwamba siku moja zingekutana kwenye mlango mmoja.

Sasa nimlete Chewa. Huyu aliishi mbali, upande wa mawio ya jua, ndani ya pango kubwa. Zamani, alipokuwa mdogo, samaki wageni wenye meno makali waliingia pangoni wakamdhalilisha nyumbani kwake, wakamlisha sumu na kumwambia ni biashara. Sitamnyima haki yake, alionewa kweli. Lakini aliyeonewa ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuchukia uonevu, au anaweza kuchukia tu kwamba zamu ya kuonea haikuwa yake. Chewa alichagua ya pili, akala, akakua. Wapelelezi wa Mwambani walipokwenda kuwahesabu papa waliomtumikia, walirudi na hesabu iliyokwisha kuchakaa, maana walipokuwa njiani wengine walikuwa wamezaliwa.

Papa wale walipakwa chokaa nyeupe wakaitwa Wafagiaji. Nyuma yao walikuja bunju, mamia kwa mamia, walioitwa wachumaji wa mwani, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuwaona wakichuma hata jani. Ukimgusa mmoja, wote wanavimba. Na popote walipopita waliacha jiwe. Waliweka jiwe kwenye mwamba wa Kolekole, jingine kwa Changu, jingine kwa Pono. Kila mwenyeji aliambiwa kwamba ni mahali pa kupumzikia tu, wasafiri wakichoka.

Siku jiwe lilipotua mlangoni mwa Mwambani, balozi wa Chewa alikuwa tayari barazani. Alikuwa Ngisi, mpole, mwenye macho makubwa ya huruma. Alibeba kapu la mwani mwekundu kutoka vilindini, mtamu kuliko chochote kinachoota Mwambani.

"Malkia mtukufu," alisema, "bwana wangu anakusalimu. Amesema urafiki unaanzia tumboni."

Malkia Kasa alionja. Kasa, kama mjuavyo, hatafuni kwa haraka. Waziri Kaa alionja pia, kwa magando yote mawili. Wazee wa baraza wakafuata kwa vyeo vyao, na kwa muda hapakusikika ila kutafuna.

Shakwe alikuwa ametua juu ya ukingo wa baraza, mahali pake pa siku zote. Kapu lilipofika kwake alilisukuma kwa mguu.

"Malkia," alisema, "kuna jiwe mlangoni. Naomba ruhusa niende nikafanye kazi yangu."

"Bibi Shakwe," Waziri Kaa alijibu kabla hajaulizwa, "hivi huoni kuwa Malkia anakula? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe unataka mgeni aje, mwenyeji apige kelele."

"Hao waliosema hivyo ndio waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Basi hii ndiyo ya kwanza. Tulia, bibi."

Malkia akainua kichwa polepole. "Chakula kikiisha, bibi, utakwenda. Sheria ni sheria." Na alikuwa mkweli. Alikusudia hivyo hasa.

Lakini chakula hakikuisha. Bamvua ya pili ilipojaa, kapu la kwanza lilikuwa na majani machache chini, na Ngisi alifika na la pili. Bamvua ya tatu akaja na la tatu. Kaa alimpangia Ngisi nafasi ya kudumu barazani, karibu na Malkia kuliko wazee wote, ili asisumbuke kuomba kuingia. Jiwe nalo lilikuwa linakua. Papa weupe walilimwagia mchanga na matumbawe mchana kutwa, mpaka likatokeza juu ya maji hata maji yalipojaa, likajengewa ukuta, na juu ya ukuta pakasimamishwa vitu virefu vilivyofunikwa vizuri.

Dagaa ndio waliokuwa wa kwanza kuumia, kama ilivyo desturi ya dagaa. Walikuja barazani kundi zima, wakamsukuma mmoja wao mbele aseme.

"Malkia, tulikuwa tunakwenda malishoni, kama jana na juzi. Mfagiaji mmoja akatuzuia. Akatuuliza tunatoka wapi. Tukamwambia, kwetu. Akatuuliza kwetu ni wapi. Tukamwonyesha. Akacheka, akaturudisha. Watoto wetu hawajala siku ya nne leo."

Malkia alimtazama Ngisi. Ngisi akasikitika sana, na katika kusikitika akatoa wino mweusi, na maji ya baraza yakawa kiza hata wazee hawakuonana. Wino ulipotulia, dagaa walikuwa wamekwisha kutolewa nje.

"Kutoelewana kwa wadogo," alisema Kaa. "Dagaa wamezoea kulalamika. Wakishiba wanalalamika wamebanwa, wakiachwa wanalalamika wameachwa. Isitoshe, tuna Nyangumi."

Hili la Nyangumi ndilo lililokuwa mto wao wa kulalia. Nyangumi alikuwa mkubwa wa zamani wa bahari ile. Mara moja kwa mwaka alipita karibu na Mwambani, akarusha maji juu, kila mtu akaona, akaondoka. Alikuwa na maneno mazuri juu ya uhuru wa bahari. Kwake uhuru huo uliishia palipoanzia maslahi yake, ila Mwambani walishauzoea mgongo wake.

"Nyangumi akija atapita," alisema Shakwe. "Nyangumi siku zote anapita. Chewa hapiti, anajenga. Mheshimiwa Waziri, mimi naruka, naona kutoka juu. Acha nikwambie nilichokiona. Chewa ni mzito, hawezi kuogelea safari ndefu asitue. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu, wala si Nyangumi. Sasa kuna jiwe kwa Kolekole, na kwa Changu, na kwa Pono, na hapa kwetu. Yapange kwa macho. Ni ngazi. Anatoka pangoni kwake anakanyaga jiwe moja hadi jingine mpaka anakotaka, na Nyangumi mwenyewe siku moja ataomba njia. Sisi si marafiki zake, sisi ni kipandio."

Hata Malkia aliacha kutafuna, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba angesema neno.

"Umekonda, bibi," Ngisi alisema kwa upole. "Bwana wangu anahuzunika akisikia kuna mtu Mwambani hali."

"Sili kwa sababu nina kazi," Shakwe alijibu. "Sheria inamfunga aliyekula. Mimi sijala."

Kaa alimtazama kwa macho yake yaliyochomoza, la kulia likamtazama Shakwe, la kushoto likamtazama Ngisi. Malkia akaurudia mwani.

Siku ya bamvua ya saba ilifika, jua likafika utosini. Shakwe hakuomba ruhusa tena. Aliruka kutoka ukingoni, mwembamba, manyoya yamempwaya, akapita juu ya dagaa waliojazana wakimtazama, akafika kwenye jiwe. Bunju walivimba kumzuia, lakini bunju hawaruki. Akatua juu ya ukuta mpya. Akapaza sauti.

"Maji haya yana wenyewe."

Dagaa wakasogea.

"Maji haya yana wenyewe."

Papa weupe wakaacha kumwaga mchanga. Nitakiri hapa kwamba nampenda ndege huyu, na natamani hadithi yangu ingeishia hapa.

"Maji haya yana wenyewe."

Mwambani nzima ilisikia. Dagaa walicheza hadi maji yakameta. Kwa mujibu wa sheria, kazi ilikuwa imekwisha na jiwe lilipaswa kuondoka.

Lakini Ngisi hakuwa mjinga, na alikuwa amezisoma sheria za Mwambani kuliko wenyeji wake. Alimgeukia Malkia mbele ya baraza lote.

"Malkia mtukufu, nauliza tu ili nimpelekee bwana wangu habari sahihi. Shakwe ni mdomo wa kiti chako. Mdomo hausemi wenyewe. Je, sauti tuliyoisikia ni yako? Ukisema ni yako, jiwe tutaliondoa leo hii. Na makapu pia, maana rafiki hampi chakula anayemfukuza."

Lilibaki neno moja tu, la Malkia. Dagaa mlangoni walikuwa wanasubiri, Shakwe juu ya ukuta alikuwa anasubiri, na jiwe lenyewe ungedhani linasubiri. Kaa aliinama akamnong'oneza Malkia: "Nyumba yako yote inakula kutoka kapu hili. Na msimu wa kutaga bado. Mwaka ujao tutazungumza nao vizuri."

Malkia Kasa alikuwa na mwani kinywani. Alitafuna, akameza, akasema:

"Shakwe amezeeka. Siku hizi anasema mwenyewe."

Maji yakajaa, yakafika kilele chake, yakaanza kupwa. Hivyo ndivyo bamvua ya saba ilivyopita. Shakwe alivuliwa kazi jioni hiyo kwa kukosa adabu, na wazee waliotia sahihi walikuwa na midomo myekundu.

Makapu yalikuja mara mbili zaidi, kisha yakakoma. Vile vitu virefu juu ya ukuta vilifunuliwa. Vilikuwa na ncha, nazo zilielekezwa ndani ya mwamba, wala si nje kwa Nyangumi. Nyangumi alipita mwaka huo kwa mbali kidogo kuliko kawaida, akarusha maji, akasema maneno yake.

Kisha msimu wa kutaga ukafika. Malkia Kasa aliamka na uzito tumboni, kama mama yake alivyoamka, akaogelea kwenda mlangoni bila kufikiri, maana mwili wa kasa unaijua njia hiyo kabla ya akili. Waziri Kaa alimfuata kwa nyuma, upande upande. Mfagiaji mmoja kijana, ambaye hakuwa amezaliwa jiwe lilipowekwa, alijitandaza mbele yake.

"Maji haya yana wenyewe," alisema.

"Mimi ni Malkia wa Mwambani."

"Ndiyo, mama. Ombi lako litapelekwa pangoni. Majibu huchukua bamvua mbili, tatu."

"Mayai hayasubiri bamvua tatu."

"Hilo halimo katika maagizo yangu, mama."

Malkia alitazama juu. Shakwe alikuwa anaelea kwenye upepo, hana kazi, hana kiti, anatafuta chakula chake kama ndege mwingine yeyote.

"Shakwe," Malkia aliita, na sauti yake haikuwa ya baraza tena. "Kanusha. Nakuomba, bibi. Sema ni sauti yangu."

Shakwe alishuka karibu na maji. Hakufurahi. Ningependa kusema alifurahi, ingekuwa rahisi kwangu kuandika.

"Mwanangu," alisema, "ningekanusha hata mara mia. Lakini ya saba ilipita, na ulipoulizwa ulikuwa unatafuna."

Uchungu ulimshika Malkia palepale mlangoni. Hakukuwa na mchanga chini yake. Yai la kwanza lilitoka, jeupe, likazama polepole kuelekea kwenye miamba, na la pili, na la tatu, na Malkia akajaribu kuyazuia kwa makasia yake ambayo hayakuumbwa kushika kitu. Yai la kasa likizama baharini halianguliwi. Hilo analijua hata mtoto wa dagaa.

Dagaa walitazama. Mfagiaji alitazama kwa muda kisha akarudi kazini.

Waziri Kaa alitazama kushoto, akatazama kulia. Alipoona hakuna mwenye nafasi ya kumtazama yeye, alisogea upande upande hadi chini ya Malkia wake, akanyoosha gando, akalipokea yai la kwanza, akaanza kula.