Inchi Tano za Jackton

Nilimwambia Jackton inchi mbili. Nilikuwa nimesoma na kulinganisha kila njia ya kuinua pikapu yetu, kwa sababu mvua ilichimba barabara ya kwenda Kericho mpaka tumbo la gari likawa linakwaruza tuta la katikati. Ukiweka vipande vya chuma juu ya springi za zamani, gari linaruka kama mbuzi. Ukiinua bodi peke yake, fremu inayoibeba inabaki palepale chini. Springi mpya, ndefu kidogo, na shokabsoba zake, hizo ndizo zinafaa. Inchi mbili, basi. Wa kupanda ni mke wangu Eddah, ambaye nyonga yake imekwisha, na Jumatatu daktari alikuwa anamngoja.

Jackton, mume wa binti yangu Amondi, ndiye dereva wetu. Alirudi kutoka gereji na inchi tano. Eti fundi alisema mbili ni za wazee.

Jumatatu asubuhi Eddah akatoka amejifunga kitambaa cha kanisani. Sakafu ya gari ilikuwa karibu na kiuno chake. Tuliweka kigoda, mguu ukakataa. Mgongo wangu haubebi mtu tena, na Amondi alikuwa zamu kiwandani. Jirani yetu Chelimo aliacha kuchuma chai akaja kumsukuma, lakini peke yake hakuweza. Akamtazama Jackton, akauliza kama na huyu ni mgonjwa.

Jackton alikuwa amesimama mikono nyuma. Kwetu mtu hamshiki mama mkwe wake, hata mkono hampi.

"Mzee, siwezi," alisema.

"Ulipokuwa gereji hukujua kwamba huwezi? Ulifikiri atapandaje? Ataruka?"

 Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba angeshusha gari kwenye mtaro wa chai, sakafu iwe sawa na ukingo, mama avuke tu.

Nilikuwa nafungua mdomo, Eddah akanitangulia.

"Na huko hospitali mtanichimbia shimo?"

Akageuka, akarudi ndani polepole akishika ukuta. Nilisikia akivua viatu. Miadi ya daktari ilikuwa imekwisha kutupita.

Nilitaka kusema mengi. Nilimwonyesha Jackton jeki tu. Akavua koti lake, akaingia chini ya gari, na mimi nikasimama palepale matopeni, bila kumsaidia, mpaka springi ya kwanza ikatoka.