Usingizi Ulioandikwa Kitabuni

Tairi la kushoto liliposhuka kwenye changarawe, nilishtuka kama niliyemwagiwa maji. Nilikuwa nimesinzia. Si sana, labda kwa muda wa kufumba na kufumbua, lakini nyuma alikuwemo Kibonge wangu wa miezi saba, na pembeni yake mama mkwe, aliyekuja anishikie mtoto nikiwa kwenye mtihani.

"Kaza moyo, mwanangu," alisema. "Saa mbili tu zimebaki, tukalale kitandani kama watu."

"Moyo nimeukaza, mama. Macho ndiyo yamegoma."

Mtihani ulikuwa kesho yake: kukata na kushona shati la kiume, kola na mikono, kwa saa nne. Nilikuwa nimesoma jioni kwa miaka miwili, miezi mingine tumbo likigonga meza ya cherehani. Lango la kituo cha mtihani lingefungwa saa mbili asubuhi, na atakayechelewa angesubiri mwakani. Lakini kwanza ufike ukiwa hai.

Jua lilikuwa linazama nilipoegesha kando ya barabara. Hata injini sijazima, trafiki akasimamisha pikipiki yake.

"Dada, hapa hairuhusiwi kulala. Lori likiyumba kidogo, tunawaokota vipande. Mbele kuna kituo cha mafuta, mwombe mlinzi. Na akikubali, hakikisha ameandika."

Mlinzi alikuwa mrefu, koti limemwishia kiunoni.

"Hapa si gesti," alisema.

"Ndiyo maana siulizi chumba, kaka. Nina mtoto, na usingizi umenizidi. Niandike kitabuni: namba ya gari, tuko wangapi, tunaondoka saa ngapi. Tukionekana, ijulikane tulibisha hodi."

Akanitazama upya. Kisha akanionyesha pa kuegesha: chini ya taa, mbali na pampu, pua ya gari ikielekea barabarani. Injini nizime kabisa, akasema, moshi wake huua watu usingizini. Milango nifunge, vioo niache wazi upana wa kidole. Nikaenda kuosha chupa za mtoto, nikamwacha mama mkwe akiandikisha.

Tukalala. Kibonge alikoroma kama mzee mwenye mashamba.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilinawa uso, nikawasha gari. Mlinzi wa zamu mpya, mama mmoja mwenye kirungu na sauti ya kuamsha kijiji, akasimama mbele yangu.

"Zima. Hilo halitoki."

"Kwa nini, dada?"

"Limeandikwa bovu. Hapa gari bovu halitoki mpaka fundi alikague, atie sahihi. Fundi anaingia saa mbili."

Saa mbili! Niligeuka nyuma. Mama mkwe alikuwa anamvalisha Kibonge kofia ambayo tayari ilikuwa kichwani.

"Mama?"

"Sasa ningesemaje?" akanong'ona. "Kwamba mke wa mwanangu analala kwenye gari kama hana kwao? Nikamwambia aandike limetuharibikia. Gari kuharibika si aibu."

Nilitaka kusema maneno ambayo mkwe hasemi. Nikayameza.

"Dada, gari ni zima. Sikiliza lilivyo."

"Mimi sisikilizi gari, nasoma kitabu. Na kitabu hakifutwi. Aliyesema ndiye asahihishe, mbele ya mashahidi wawili."

Madereva wa malori walikuwa wanapiga mswaki kwenye bomba. Wote wakageuka, povu mdomoni. Mama mkwe aliwatazama, akanitazama mimi, akafungua mlango. Alishuka na Kibonge begani, akajinyoosha.

"Lete hicho kitabu. Mwanangu, andika kwa mwandiko wako mzuri." Kisha akapaza sauti, "Mimi, mama mkwe wa dereva, nilidanganya. Gari halina ubovu, ubovu ulikuwa kwenye ulimi wangu. Tulilala humu kwa sababu mkwe wangu ana akili. Angeendesha na usingizi, msingekuwa na wa kumcheka. Na anakwenda kwenye mtihani wa kushona shati!"

"Bibi, umetisha!" dereva mmoja akapiga kelele. "Mimi shahidi wa kwanza!"

"Na mimi!" Wa pili alitia sahihi, povu likadondokea ukurasa.

Mlinzi alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kisha akashusha kirungu.

"Nenda, mama wa shati. Usikimbize gari, muda unatosha."

Sikukimbiza. Macho yalikuwa mapya, barabara ilikuwa yangu. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili nilipita langoni kwa miguu yangu.

Kitambaa kilikuwa cheupe, kile kisichosamehe. Nilikata bila kurudia. Saa nne zilipoisha, msimamizi aliigeuza kola ndani nje, akaivuta huku na kule, akatafuta mkunjo hata mmoja. Hakuupata.

"Nani kakufundisha kutulia hivi?"

Nikacheka. Akaandika alama mbele yangu, ya juu kuliko zote chumbani, akanipa mkono.

"Karibu kazini, fundi."

Nje, maziwa yalikuwa yamenijaa. Nikakaa kwenye benchi, fundi mzima, nikamnyonyesha mwanangu.