Makopo Mawili ya Rangi

Mume wangu alitengeneza ndege kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyoruka. Naanza na hilo ili mtu asije akasubiri maajabu. Zilikuwa ndege za kivita za mbao na bati, kila moja urefu wa sentimita thelathini, zimening'inizwa kwa mshipi wa kuvulia samaki juu ya viti vya sebuleni kwetu Kasulo. Mgeni akiwa mrefu ilibidi ainame. Mimi sikuzipenda sana, maana vumbi lake nililifuta mimi.

Thobias alikuwa fundi wa ndege jeshini. Vita vya Kagera vilimkuta Mwanza, uwanjani, anafungua na kufunga skrubu chini ya matumbo ya ndege za kivita za Mig, na alipostaafu akarudi Ngara na sanduku la bisibisi na kichwa kilichojaa vipimo. Wanaume wengine wakistaafu hufuga ng'ombe. Wangu akachora Mig nzima kwenye daftari la Zita, binti yetu mkubwa, kila kitu kimegawanywa kwa hamsini: penye mita moja, yeye anaweka sentimita mbili. Bawa likipungua milimita moja, analitupa. Kiwiliwili kikipinda, anakileta jikoni kiwe kuni. Nimeivisha maharage mengi kwa Mig, jamani.

Lakini haki yake nampa, mkono alikuwa nao. Kiwiliwili alikichonga kwa mbao ya msindano, akakisugua kwa msasa mpaka kikateleza mkononi. Mabawa yalikuwa bati la makopo ya mafuta ya msaada, yale ambayo wakimbizi waliyaleta gulioni. Ribiti, vile vichwa vya misumari inayoshika bati la ndege, alizifanya moja moja kwa sindano ya kushonea magunia: analibonyeza bati kwa nyuma bila kulitoboa, upande wa mbele panavimba kidogo. Bawa moja siku tatu. Kioo cha rubani kilikuwa chupa ya maji ya plastiki, ameilainisha juu ya makaa na kuivuta juu ya kipande cha mti alichokichonga kwa umbo lile. Hapo hata mimi niliacha kazi nikasimama kutazama.

Shida ilikuwa rangi. Thobias haoni tofauti ya kijani na kahawia, wala ya kijani na nyekundu iliyokolea. Hilo nililijua mwaka wa kwanza wa ndoa, shambani. Nilimwambia achume kahawa zilizoiva, akaniletea kikapu nusu yake mbichi. Nikadhani ni uvivu, nikamsema. Msimu uliofuata nilimtazama vizuri: alikuwa anabinya kila tunda kwa vidole kabla ya kulichuma, kusikia kama limelainika. Nikaelewa. Tangu siku hiyo kahawa nachuma mimi, yeye anabeba. Hakuniambia na sikumuuliza, miaka ishirini na miwili. Ndoa za watu zina siri kubwa kuliko hiyo.

Ndege tatu za kwanza alizipaka kijivu tupu na kutangaza kwamba ndiyo rangi yake halisi. Halafu akaja Habonimana.

Wakati ule kambi ya Warundi ilikuwa nyuma tu ya kilima chetu, turubai baada ya turubai mpaka macho yachoke. Habonimana alikuja kutulimia mihogo. Kwao Burundi alikuwa mchora vibao vya maduka, na aliwahi kupaka upya sanamu za kanisa zima. Siku moja alisimama mlangoni na jembe lake, akatazama juu, akauliza kwa adabu zote kama ndege za vita hazipakwi mabaka, ili ukiwa juu usizione zikiwa chini. Kesho yake Thobias akamwekea kigoda nyuma ya jiko.

Wakawa wanafanya kazi hivi. Thobias anachora ramani ya mabaka kwenye karatasi, kwa kumbukumbu, na ndani ya kila baka anaandika herufi: J kwa kijani, H kwa kahawia. Habonimana anafuata herufi. Rangi ilikuwa ya mafuta, ya baiskeli, imekorogwa kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyobanduliwa karatasi, na brashi ilikuwa nywele za mbuzi zilizofungwa kwa uzi. Mpaka wa baka hakuukata kwa mstari, aliufifisha kwa kidole, rangi moja ikaingia kwenye nyingine taratibu. Ndege ya nne ilipokauka Thobias aliishika kwa mikono miwili akaizungushazungusha, na sijui aliona nini, lakini alitabasamu.

Basi wageni wakaanza kuja. Mtendaji wa kata alikuja, paroko alikuja, walimu wakaleta wenzao. Na kila aliyesifu rangi, Thobias alijibu, "Nimeipaka mwenyewe." Habonimana anasikia, yuko pale nje na jembe, anatazama chini anacheka kidogo. Iliniudhi, sifichi. Nilimuuliza mwanaume wangu kwa nini anamnyang'anya mtu kazi ya mikono yake. Akasema anamlinda, mkimbizi hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Eti anamlinda! Kulima mihogo hakukuwa kazi?

Mwaka huo, tisini na nane, minong'ono ilikuwa mingi kwamba wapiganaji wamejificha kambini. Aliyeshukiwa alipandishwa lori la Ijumaa na kupelekwa kambi nyingine, mbali, peke yake. Mke na watoto walibaki. Tulijua waliopelekwa, hatukumjua aliyerudi.

Ndege ya kumi na moja ilikuwa ya Kazimili, rafiki yake Thobias wa jeshini, ambaye sasa ana duka dogo Runazi. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haikatiki, rangi ikakataa kukauka jikoni kwetu. Habonimana akasema chini ya turubai lake mchana kunakuwa joto la kuokea mkate, aende nayo, airudishe Ijumaa. Akaifunga kwenye kitenge pamoja na makopo yake na brashi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakamfungulia kitenge.

Aline, mke wa Habonimana, alifika kwetu Alhamisi asubuhi, mtoto mgongoni na mimba ya miezi minane mbele. Akaniamkia shikamoo kana kwamba amekuja kuomba chumvi. Halafu akasema wamemkuta mumewe na ndege ya kivita, wanadai anafundisha watu vita, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya lori la kesho. Akakaa chini.

Thobias akavaa koti. Mimi nikaingia sebuleni, nikachukua ile karatasi ya mabaka, nikaikunja na kuipachika kiunoni chini ya kanga. Njiani nikamwambia, "Baba Zita, sema kweli. Ndege ni yako, rangi ni yake. Basi." Akasema atasema.

Afisa wa ofisi ya kambi alikuwa kijana mpole, wa kwao mbali, anamwamkia kila mzee. Ndege ilikuwa mezani, bawa la kushoto limekwaruzwa, pembeni makopo mawili na brashi. Habonimana alikuwa kwenye benchi, wamemvua viatu. Afisa akatusomea alichokiandika: mtuhumiwa anasema ndege ni ya Mzee Thobias, yeye ni wa kupaka rangi tu. Akainua macho. Akasema tatizo ni kwamba Kasulo nzima inajua Mzee Thobias anapaka rangi mwenyewe, hata paroko kathibitisha. Kwa hiyo mmoja anadanganya, naye angependa kujua ni nani.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilimtazama Thobias. Alijiweka sawa, kifua mbele, kijeshi.

"Ndege ni yangu," akasema. "Nimeitengeneza na nimeipaka mwenyewe. Huyu nilimtuma tu aipeleke ikaanikwe."

Habonimana alifumba macho. Mimi nilitamani kumpiga mtu mzima yule kwa kiatu. Alidhani amemwokoa, kumbe amemfanya mwongo kwa maelezo aliyokwisha kuyatoa.

Afisa hakubishana. Alisogeza ndege, akasogeza makopo, akamwomba mzee kwa heshima azibe tu ule mkwaruzo. Ulikuwa katikati ya baka la kijani, mkubwa kama ukucha. Thobias akachukua brashi. Alitazama kopo moja, akatazama la pili. Akanusa. Moyo wangu ukaniuma, maana nilizijua zile dakika: ni kahawa ile ile, ila hapa hapana tunda la kubinya. Akachovya. Akapaka kahawia juu ya kijani, vizuri kabisa, mpaka kingo, akafifisha kwa kidole.

Askari wa mlangoni akacheka. Afisa hakucheka.

"Mzee," akasema, "wewe ulikuwa jeshini. Kwa nini unamfichia mtu huyu?"

Sasa ikawa mbaya kuliko tulivyoikuta. Askari mstaafu anadanganya kwa ajili ya mkimbizi mwenye ndege ya vita. Nje nilimwona Aline ameegemea nguzo, anatuangalia kupitia dirishani. Nikawaza, nikinyamaza, yule atazaa peke yake. Nikisema, mume wangu atakuwa kichekesho cha gulio mpaka tuzeeke. Sikuwaza muda mrefu, lakini niliwaza.

Nikaitoa karatasi kiunoni nikaiweka mezani.

"Mwanangu, mwandiko huu ni wa mume wangu, mlinganishe na wowote mnaoutaka. J ni kijani, H ni kahawia. Mtu anayeona rangi ataandika herufi za nini? Huyu haoni. Kahawa nachuma mimi tangu tuoane. Unayemwona hapo kwenye benchi ndiye macho yake, na mume wangu aliona aibu kuwaambia watu."

Afisa aliitazama karatasi, akaitazama ndege, akafuata baka moja moja kwa kalamu. Halafu akamuuliza Thobias kama ni kweli. Sijawahi kuona mtu akichukua muda mrefu hivyo kwa neno fupi hivyo.

"Kweli," akasema.

Habonimana aliambiwa azibe mkwaruzo upya. Alifuta kahawia kwa kona ya shati, akachovya kopo la pili bila hata kulitazama mara mbili, na baka likarudi. Afisa akakata jina kwenye orodha, akampa viatu vyake. Lakini akamwandikia pia kwamba haruhusiwi tena kutoka nje ya kambi, na asionekane na kitu chochote cha sura ya vita. Makopo na brashi, kwa hiyo, tukarudi navyo sisi. Pale nje Habonimana alimshika Thobias mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Aline alinikumbatia, tumbo lake likiwa katikati yetu.

Njiani Thobias alitembea mbele yangu, ndege kwapani. Tulipofika kwenye daraja akasimama. Aliongea akiwa amenipa mgongo. Akasema siku ya kupimwa macho jeshini walionyeshwa kitabu cha madoa ya rangi, ndani ya madoa kuna namba. Kazimili alikuwa mbele yake kwenye foleni, akatoka akamnong'oneza namba zote kwa mpangilio. Miaka yote nyaya alizifuata kwa kidole na kwa namba zilizopigwa chapa juu yake, na hakuwahi kukosea hata mara moja.

"Sasa watasema nilirusha vijana wa watu angani kwa macho mabovu," akasema.

Nikamwambia wasemao waseme. Nilikuwa bado na hasira.

Walisema kweli. Wiki mbili gulio zima lilimwonyesha nyanya na kumuuliza kama zimeiva. Hakwenda tena gulioni, na mimi hakunisemesha, ila "chakula" na "maji". Ndege ya Kazimili ilikwenda Runazi na basi. Aline alijifungua salama, msichana, wakampa jina langu, Esperansia. Habonimana hatukumwona tena kwetu, na mihogo nililima mwenyewe. Thobias akachonga ya kumi na mbili, akaisugua, akapiga ribiti zake, akaiacha mezani bila rangi hivyo hivyo mwezi mzima.

Mwezi wa sita nilikuwa kwenye kahawa, kikapu kiunoni. Nikasikia hatua, nikajua ni za nani, sikugeuka. Akaja akasimama karibu, ananuka rangi. Alikuwa na makopo mawili, moja kila mkono, na msumari mdomoni. Akautoa msumari.

"Mama Zita," akasema, "ipi ni ya kijani?"

Nikamwonyesha. Akachuchumaa, akaikwaruza J kwenye kopo kwa msumari, taratibu, akaipuliza. Nilidhani ataondoka. Akayaweka makopo chini ya mti, akashika tawi lililokuwa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakulibinya tunda.

"Na hili limeiva?"

Nikamwambia bado, lakini lile la pembeni yake achume.